Barabara ya Ugenini Inapita Uyole

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita mbele ya makocha, viongozi na wachezaji wa timu za mitaa, kwenye ukumbi wa shule moja hapa Mwanjelwa, Mbeya. Wenzetu wengi wa Makete, Ludewa na Mufindi walizuiwa na mvua, wakaomba niiandike. Naiweka yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo hawakuziona vizuri, maana pazia la dirishani lilikuwa limechanika.

*

Mugonile! Nasikia Rungwe wameitika, Kyela wamelala. Na wa Iringa na Njombe, kamwene! Haya, sasa ukumbi umeamka.

Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, makocha wenzangu, na nyie vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimewahiwa na wazee, asanteni kwa kuja. Mwenyekiti kanipa dakika arobaini. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na kwa mwalimu dakika arobaini ni kipindi kimoja. Kengele ikilia nakaa.

Niliombwa nizungumzie maendeleo ya soka Nyanda za Juu Kusini. Mada hiyo nimeikataa. Imezungumzwa tangu nikiwa na nywele kichwani. Leo nina jambo dogo tu: raundi za awali za mashindano ya klabu Afrika, zile za mtoano kabla ya makundi. Zile mechi za Agosti, Septemba na Oktoba, ambazo mtu anakuuliza, "Eti jana walicheza na nani?" nawe unajibu, "Na kitimu fulani hivi." Hicho kitimu fulani ndicho mada yangu.

Niwaulize. Tarehe 24 Oktoba 2021, siku ya Jumapili, mlikuwa wapi?

Mnacheka. Wengine hamcheki, nawaona. Poleni.

Mimi nilikuwa kwenye kibanda umiza hapa hapa Mwanjelwa. Mimi si Simba, si Yanga, na nikisema nilivyo mtanirushia viti. Lakini siku hiyo kibanda kizima kilikuwa chekundu. Wiki moja nyuma Simba ilikuwa imetoka Gaborone na ushindi wa 2-0 dhidi ya Jwaneng Galaxy. Mabao mawili ya ugenini yako mfukoni, marudiano yako Dar, uwanja wa Mkapa, na mpinzani ni timu ambayo hata jina lake watu walikuwa wanabishana linatamkwaje. Kabla ya mapumziko Bwalya akafunga. Jumla ikawa 3-0.

Kulikuwa na kijana anauza mayai ya kuchemsha, kayapanga kwenye trei, pilipili yake iko kwenye kopo la siagi. Wakati wa mapumziko trei ilibaki na mayai manne. Watu walikula kwa furaha, wananunua kwa ofa, "mpe na mzee huyu moja." Mzee huyu ni mimi. Wengine wakaondoka kabisa, wanasema mechi imekwisha, wakaenda kutafuta pa kupongezana.

Kipindi cha pili Jwaneng wakapata moja. Watu wakacheka. Wakapata la pili. Watu wakaanza kupiga hesabu kwa vidole. Jirani yangu anasema, "Bado tuko mbele, bado tuko mbele," kama mtu anayebembeleza mtoto. Dakika za lala salama likaingia la tatu. Ndugu zangu, kilichosikika pale ndani ni jenereta tu. Yule kijana na mayai yake manne hakuthubutu hata kuuliza nani anataka.

Jumla 3-3. Jumla ikiwa sawa, anavuka mwenye mabao mengi ya ugenini. Simba anayo mawili, Jwaneng anayo matatu. Imekwisha. Ulaya kanuni hiyo ya bao la ugenini waliifuta mwaka 2021. Afrika ikabaki nayo, na wala haina mjomba: mwaka 2023 Simba hiyo hiyo ilitoka 2-2 na Power Dynamos kule Ndola, nyumbani ikatoka 1-1, ikavuka kwa kanuni ile ile iliyokuwa imeichinja.

Sasa nambieni, Jwaneng walikuwa bora kuliko Simba? Mimi sikubali. Katika dakika 180 za mikondo ile miwili, Simba ilikuwa mbele karibu zote. Ilichokosa ni mtu wa kuiambia wakati wa mapumziko kwamba bado inacheza. Na msiwacheke. Sisi hapa tukiongoza 2-0 huwa tunafanya nini? Si tunamtoa winga anayekimbia, tunamwingiza mtoto wa katibu, ili naye akajulikane? Nani hajafanya hivyo? Nyosha mkono. Naona hakuna mkono.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2019 Simba ilikuwa imetoka robo fainali msimu uliotangulia, nchi nzima kichwa juu. Raundi ya awali wakapangiwa UD Songo ya Msumbiji. Beira wakatoka 0-0, watu wakasema safi, tunamalizia nyumbani. Nyumbani akaja kijana mmoja anaitwa Luis Miquissone, akafunga. Simba ikasawazisha mwishoni kwa penalti. 1-1. Simba nje, na mwezi wenyewe ni Agosti! Miezi michache baadaye Simba ikamsajili huyo huyo Miquissone, na Februari 2021 akaifunga Al Ahly bao pekee la mechi pale Kwa Mkapa. Kwa hiyo mnapokwenda kutazama mpinzani mdogo, tazameni vizuri. Huenda ndani yake yumo mtu wenu.

Sasa tuje kwenye kinachopotea. Watu wengi wanadhani ukitolewa raundi ya awali umepoteza mechi. Hapana. Umepoteza msimu, na wakati mwingine umempotezea na jirani yako.

CAF, shirikisho la soka Afrika, inapima nchi kwa pointi za misimu mitano. Klabu ikishika mkia kwenye kundi lake Ligi ya Mabingwa inaipatia nchi yake pointi 1. Ikiwa ya tatu, 2. Ikiishia robo fainali, 3. Nusu fainali, 4. Ikipoteza fainali, 5. Ikiwa bingwa, 6. Kombe la Shirikisho, lile shindano dogo la Afrika, kila ngazi imepungua pointi moja, isipokuwa mshika mkia wa kundi anayepata nusu. Halafu pointi za msimu wa karibuni zinazidishwa mara tano, wa kabla yake mara nne, mpaka ule wa zamani kabisa unaozidishwa mara moja. Nchi 12 za juu ndizo zinazoingiza klabu nne nne. Nyingine zote zinaingiza mbili.

Na aliyetolewa raundi ya awali anapata ngapi?

Sifuri. Izidisheni mara tano mnipe jibu.

Simba kufika robo fainali msimu wa 2018/19 kulikuwa pointi 3 mara tano. Kwa ajili hiyo, na kwa kazi iliyofuata ya Simba na ya Yanga, Tanzania leo inaingiza klabu nne. Shabiki wa Prisons ya hapa Mbeya anaweza asiipende Yanga, anaweza asiipende Simba, ni haki yake, mimi mwenyewe nina yangu moyoni. Lakini nafasi ya tatu na ya nne kwenye ligi yetu zina maana Afrika kwa sababu kuna watu walivuka raundi za awali. Shikeni hapo, nitarudi.

Zamani kulikuwa na mlango wa uani. Ukitolewa raundi ya pili ya Ligi ya Mabingwa unateremkia Kombe la Shirikisho, unacheza mechi ya mtoano kutafuta makundi huko. Yanga mwaka 2022 ilitolewa na Al-Hilal ya Sudan, 1-1 hapa na 1-0 kule. Ikateremka, ikapewa Club Africain. Dar 0-0. Kila mtu akasema basi tena, Mwarabu kwake hafungiki. Wakaenda Tunis, Aziz Ki akafunga moja, wakavuka, na safari hiyo hiyo ikaishia fainali dhidi ya USM Alger: wakafungwa 2-1 nyumbani, wakashinda 1-0 Algiers, wakalikosa kombe kwa yale yale mabao ya ugenini. Mnaona? Timu ilikuwa imeshatolewa, lakini ikafika fainali. Mlango huo wa uani ulifungwa kuanzia msimu wa 2023/24. Siku hizi ukitolewa umetolewa, unarudi nyumbani kucheza na sisi hapa Mbeya, uwanja wa Sokoine, kwenye baridi.

Wazee naona mnatazama dirishani. Wingu hilo liko mlima Loleza bado, halijashuka. Tuendelee.

Mimi ni mtu wa ramani, mtanisamehe. Kila nikizungumza mpira naanza na barabara. Desemba 2018 nilikuwa Uyole nanunua viazi, debe moja, nabishana na mama mmoja kuhusu lumbesa. Likasimama basi limejaa mashabiki wa Simba wanaokwenda Kitwe, Zambia, kwenye mechi na Nkana. Akashuka kijana, skafu nyekundu shingoni, kaptula, ndala, midomo imepauka kwa baridi ya asubuhi. Ametoka Dar jana yake. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Shikamoo mzee. Eti Kitwe bado mbali?"

Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Hata Tunduma hujafika."

Alikaa chini juu ya gunia la viazi vya watu.

Simba wakafungwa 2-1 Kitwe. Marudiano Dar es Salaam, Nkana wakatangulia kufunga, Simba wakapata mawili, na jumla ikawa sare ya kila kitu, mpaka ya mabao ya ugenini. Penalti zilikuwa zinanukia. Dakika za mwisho kabisa Clatous Chama wa Simba akaugusa mpira kwa kisigino, ukaingia. 3-1. Mzambia ndiye aliyewatoa Wazambia. Kutoka hapo makundi, kutoka makundi robo fainali, zile pointi 15 nilizowaambia.

Oktoba 2025 nikaona tena, safari hii njano na kijani, na safari hii hawakunyoosha. Pale Uyole walikata kushoto, Tukuyu, Kasumulu, Karonga, mpaka Lilongwe, kwa Silver Strikers. Walikwenda wanaimba. Yanga ikafungwa 1-0, na baada ya bao hilo moja ikaachana na kocha wake. Waliporudi walipita kimya, madirisha yamefungwa. Wiki iliyofuata wakashinda 2-0 Kwa Mkapa, wakavuka kwa 2-1. Kocha yule hakuwepo kuyaona.

Sasa swali langu kwa makocha. Hizi timu kubwa zinasafiri zaidi ya kilomita 800 ndipo zifike kwetu, kisha zinaendelea. Sisi tumezaliwa katikati ya safari. Kasumulu ni saa mbili na ushee kutoka hapa, na Tunduma hivyo hivyo. Nani ameshacheza mechi ya kirafiki Karonga? Nani amevuka kwenda Nakonde na timu yake, kacheza kwenye uwanja ambao mashabiki wanakuimbia matusi kwa lugha usiyoijua, mwamuzi hakufahamu, na maji ya kuoga hakuna?

Wawili. Ukumbi mzima, wawili.

Na pasipoti? Wenye pasipoti nyosheni mikono. Moja, mbili… kumi na moja. Na nawafahamu, wanne kati yenu ni madereva wa malori. Pasipoti ni shilingi 150,000, sisemi ni hela ndogo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo inadaiwa mpakani. Lakini timu inayotaka Afrika haianzi kutafuta pasipoti siku ya droo. Kuanzia mwaka 2023 CAF inatoa pesa kwa klabu za raundi za awali, ilianza na dola 50,000 kwa kila klabu, ili zisafiri kama binadamu. Pesa hizo hazikunyooshei cheti cha kuzaliwa chenye makosa.

Hapo kwenye cheti ndipo nina jambo langu binafsi, na ndiyo sababu hasa ya kukubali kuja leo.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa meneja wa timu moja ya wilaya, siitaji, na waliokuwepo wanaijua. Tulikuwa bingwa wa wilaya, tukatakiwa kucheza mechi mbili, nyumbani na ugenini, tuvuke kwenda hatua ya mkoa. Raundi ya awali yetu sisi. Ya kwanza tulikwenda ugenini tukashinda 2-0. Mabao yote alifunga kijana mmoja mrefu, mwembamba, miguu kama mianzi, hakuna beki aliyemkuta. Tulirudi na Coaster tunaimba, na mimi kwenye kiti cha mbele nimeweka fomu za usajili juu ya paja, namalizia kuandika majina ya mechi ya pili, maana nilikuwa sijamaliza. Kalamu ilikuwa inavuja. Barabara ina kona. Jina la babu wa yule kijana nikaliandika kwa R.

Kwenye cheti cha kuzaliwa lilikuwa na L.

Mnacheka, na mnacheka kwa sababu mnajijua. Huku kwetu R na L tunazitumia kwa zamu. Mimi mwalimu, niliyewachapa watoto kwa kuandika "kura" badala ya "kula", niliandika R. Marudiano tukatoka 0-0, tumevuka, tumembeba kijana mabegani. Jumatatu ikaja rufaa. Wapinzani walikuwa na mtu makini kuliko mimi, alikaa na fomu yetu na nakala ya cheti akalinganisha herufi kwa herufi. Jumatano tukapokonywa ushindi. Mchezaji anayeonekana kwenye fomu, wakasema, si huyu wa kwenye cheti.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe kwao. Nilimkuta anachuma chai. Hakusema neno baya. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mwalimu, yule aliyefunga ni nani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Samahani. Kidogo maji.

Haya. Mtu ataniambia, mwalimu, hiyo ni wilayani, Afrika ni kompyuta. Ndugu yangu, Afrika ni zaidi. Kule usajili una tarehe, leseni ya klabu ina masharti yake, uwanja unakaguliwa. Zalan ya Sudan Kusini mwaka 2022 ilipangiwa Yanga, na mechi zote mbili, ile ya kwao na ile ya Yanga, zikachezwa Dar es Salaam, uwanja ule ule. 4-0, kisha 5-0. Fikirini timu inapiga kona "nyumbani kwake" huku watu wa mpinzani wanaizomea. Al Merrikh ya Sudan mwaka 2023 vita viliwafukuza kwao, wakaipokea Yanga Kigali. Hao ni vita, siwalaumu. Lakini Sokoine hatuna vita. Samora pale Iringa hakuna vita. Leo timu ya huku ikipata nafasi, marudiano tutaangalia tukiwa tumekaa Sokoine, au tutapanda basi kwenda kuwa wenyeji kwenye mji wa watu? Sijibu mimi. Meza kuu iko hapa.

Nasema haya yote kwa nini? Kwa sababu huwa tunaona Afrika iko mbali. Wananzengo, haijawahi kuwa mbali. Hesabuni nami.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, walipanda daraja na msimu huo huo wakachukua ubingwa. Tukuyu! Mji wa mvua na ndizi. Simba yupo, Yanga yupo, na kombe likapanda mlima kuja Rungwe. Wazee wawili waliolishika kombe lile kwa mikono yao wamo humu ndani, wameniomba nisiwataje, basi muwapigie makofi bila majina.

Msimu wa 2013/14 Mbeya City walipanda Ligi Kuu wakiwa na kocha Juma Mwambusi. Mnakumbuka Sokoine ilivyokuwa zambarau? Harusi ziliahirishwa! Wakamaliza wa tatu, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Wa tatu. Kwa wakati ule nafasi za Afrika ziliishia kwa wa pili. Kwa nafasi nne za leo, wa tatu anacheza Kombe la Shirikisho. Nafasi ile ile, pointi zile zile, ila miaka ile hakuna aliyekuwa amevuka raundi za awali vya kutosha kutupanulia mlango. Ndiyo maana niliwaambia mshike hapo.

Tarehe 1 Juni 2019, Lindi, Wanapaluhengo wa Lipuli wanacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini na Azam. Bingwa anakwenda Afrika. Watu wa Iringa walisafiri kutoka Samora mpaka Ilulu, waulizeni hao kamwene waliokaa kushoto. Wakafungwa 1-0. Bao moja. Msimu uliofuata Lipuli wakashuka daraja. Mimi nadhani walikuwa wanaiangalia Lindi kwa nyuma mwaka mzima, na sidhani kama kuna mtu aliyekaa nao akawaambia kwamba kufungwa fainali si kufukuzwa.

Na la mwisho linauma zaidi, nalisema taratibu. Mbarali, Ubaruku, katikati ya mashamba ya mpunga, kulikuwa na timu inaitwa Ihefu. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga walikwenda pale wakiwa hawajafungwa kwenye ligi mechi 49. Wakafungwa 2-1. Mbarali! Watu walivua mashati, walikuja barabarani na majembe juu. Kisha timu ikapata wenye pesa wengine, mwaka 2024 ikahamia Singida, ikabadilishwa jina, sasa ni Singida Black Stars. Msimu wa 2025/26 imecheza raundi za awali za Kombe la Shirikisho, ikaitoa Rayon Sports ya Rwanda, ikaitoa Flambeau du Centre ya Burundi, ikaingia makundi. Mwaka huo huo klabu zote nne za Tanzania zikaingia makundi.

Hongera zao, kwa moyo mweupe. Waliinunua kihalali, na wameitunza. Lakini ile nafasi kwenye ligi ilipandishwa na vijana wa Mbarali, kwenye matope ya Mbarali. Timu ya Nyanda za Juu Kusini imefika makundi Afrika, ila ilifika ikiwa haiko tena Nyanda za Juu Kusini. Mzee mmoja wa Ubaruku niliyekutana naye stendi aliniambia huwa anasikiliza mechi zao kwa redio. Nikamuuliza unashangilia? Akasema, "Wakifunga nashangilia. Wakimaliza nakumbuka."

Kwa hiyo makocha wenzangu, mtu asije kuniambia raundi ya awali inaanza Agosti, kwenye droo. Raundi ya awali ya timu ya Mbeya inaanza Jumatatu. Inaanza ukimzuia mtoto wa katibu asiingie wakati mnaongoza mbili. Inaanza mkivuka Kasumulu mkafungwa tatu na watu wa Karonga, mkalala kwenye Coaster, mkarudi mkijua ugenini kukoje. Inaanza na herufi.

Mwenyekiti, kengele nimeisikia, ile ya pili. Kijana wa nyuma mwenye fulana ya zambarau, swali lako niulize nje, nakuona tangu zamani.

Pale pembeni kwenye meza kuna mama ana mashine ya kutolea nakala na kalamu nzima, nimeijaribu mwenyewe, haivuji. Mliokuja na vyeti vya wachezaji wenu, piteni pale. Usijaze kwa kukumbuka. Muulize kijana mwenyewe anavyoliandika jina la babu yake, halafu ulinganishe na cheti. Wa Kyela waanze wao, basi lao linaondoka saa kumi na wingu sasa limeshuka kweli.

Ndaga fijo.